RNA ndogo na RNA nyingine zisizounda protini: zinahusianaje?

Mwalimu wa Shela: Asalaam aleikum. Mwanafunzi wangu wa biolojia ameniuliza iwapo maikroRNA, yaani RNA ndogo yenye urefu wa nyukliotidi (vijenzi vya RNA) 22 hivi, hudhibitiwa na RNA nyingine zisizounda protini. Naomba ufafanuzi.

Binti Malindi: Waaleikum salaam, mwalimu. Naam, hudhibitiwa. MaikroRNA hujibandika kwenye RNA mjumbe, ile inayobeba maelekezo ya kuunda protini, na kuzuia protini isiundwe, lakini zipo RNA ndefu na RNA za mviringo zenye sehemu zilezile za kujibandikia, nazo huinasa kama dema linavyonasa samaki. Mfano maarufu ni CDR1as, RNA ya mviringo ya ubongo, ambayo mwaka 2013 ilielezwa kuwa na zaidi ya sehemu 70 za kuishika maikroRNA iitwayo miR-7. Hata hivyo, RNA nyingi zinazodaiwa kunasa hivyo ni haba mno ndani ya seli, na madai hayo mimi huyapokea kwa tahadhari.

Mkaazi wa Mkomani: Dada amesema kweli, ila kunasa si yote. H19, ambayo ni RNA ndefu, ndiyo chimbuko la maikroRNA miR-675, ilhali Cyrano, RNA ndefu nyingine, husababisha miR-7 iharibiwe.

Mwalimu wa Shela: Ahsanteni. Je, CDR1as ikiondolewa, miR-7 huongezeka?

Binti Malindi: La, mwalimu. Katika ubongo wa panya walioondolewa CDR1as, miR-7 ilipungua, kwa hiyo yaelekea CDR1as pia huihifadhi.