Macewen au Godlee: nani wa kwanza kutoa uvimbe wa ubongo?

Swali: Wakuu, kwa nini sifa hupewa daktari mpasuaji Rickman Godlee wa London, Novemba 1884, wakati mpasuaji mwenzake William Macewen wa Glasgow alishafanya hivyo 1879?

Jibu 1: Tofauti ni kina, mkuu. Uvimbe wa Macewen ulikuwa kwenye utando mgumu unaofunika ubongo, na binti yule wa miaka 14 alikuwa na dalili ya wazi juu ya jicho la kushoto. Wa Godlee ulikuwa ndani ya ubongo wenyewe. Fuvu halikuonyesha kitu. Daktari wa mgonjwa, Hughes Bennett, alipajua mahali kwa degedege na udhaifu wa mkono na mguu.

Jibu 2: Ila degedege la binti lilianzia uso na mkono wa kulia, ndipo Macewen akatoboa fuvu kushoto, maana ubongo wa kushoto huongoza mwili wa kulia. Hakufuata jicho tu. Halafu tazameni matokeo: mgonjwa wa Godlee alifariki siku ya 28, maambukizi yakiwa yameingia kwenye tando za ubongo. Binti aliishi miaka 8 zaidi. Mwaka 1888 Macewen aliripoti wagonjwa 21 aliowapasua ubongo, vifo 3 tu. Zama hizo, ugonjwa wa ndani ya fuvu, kama jipu la ubongo, ulikuwa kaburi!

Muulizaji: Basi waandike “uvimbe wa ndani ya ubongo”, wasimfute Macewen.