Udongo wa mfinyanzi, udongo mfinyanzi, au udongo tu?

Mtafsiri, Sinza
Wanajukwaa, salaam. Ninatafsiri kijitabu cha kazi za mikono kwa ajili ya watoto. Kila nilipoandika "udongo wa mfinyanzi", mhariri wangu amemfuta mfinyanzi na kubakiza "udongo", akisema kuwa mtoto ataelewa. Mimi nahofia mtoto huyo atachota mchanga wa uani, ambao hata akiukanda kutwa nzima hautashikamana. Vitabu vya shule navyo huandika "udongo mfinyanzi". Lipi ni sahihi?

Mwalimu mstaafu, Temeke
Ndugu yangu, "udongo" peke yake ni neno pana mno: ni ule wa shambani, ni ule wa kukandikia ukuta wa fito, na ndio tunaowafukia marehemu wetu. Huu unaouuliza haukupewa jina lake wenyewe, bali ulitambulishwa kwa mtu anayeufanyia kazi. Kufinyanga kunatokana na kufinya, na kama vile jenga ilivyotupatia mjenzi, ndivyo finyanga ilivyotupatia mfinyanzi. Kwa hiyo "udongo wa mfinyanzi" una mantiki kamili. "Udongo mfinyanzi", ukiupima neno kwa neno, unadai kuwa udongo ndio unaofinyanga (ajabu hiyo!), lakini umezoeleka madarasani pamoja na kichanga na tifutifu, na sithubutu kuuita kosa. Hata hivyo mhariri wako ana haki kidogo, kwa sababu wahenga waliposema "udongo uwahi ungali maji" hawakuhitaji kumtaja mfinyanzi.

Fundi wa vyungu, Kisarawe
Shikamoo Mwalimu. Sisi tunautambua kwa mkono kabla ya jina. Sokota kamba nyembamba, uizungushe kidoleni. Ikikatika, mchanga umezidi. Lakini udongo unaonata kupita kiasi nao hupasuka unapokauka, ndiyo maana tunauchanganya na mchanga kidogo au vigae vilivyopondwa, kwa hiyo chungu kilichovunjika huzaliwa upya ndani ya kingine. Ule mweupe wa vilima vya Pugu, yaani kaolini, hutumika kwenye vyombo vya kauri, karatasi na rangi. Haunati sana na unataka moto mkali kuliko huu wetu wa kuni, kwa hiyo usidhani ndio huu wa vyungu. Wala usidhani huu wa vyungu ndio pemba, udongo wanaoutafuna wajawazito, kwani watoto hawakawii kuonja.

Mtafsiri, Sinza
Ahsanteni sana. Nitaandika "udongo wa mfinyanzi" mwanzoni mwa kila sura, kisha "udongo" panapoeleweka. Fundi, chungu kilichokauka juani lakini hakijachomwa mnakiitaje?

Fundi wa vyungu, Kisarawe
Chungu kibichi, kama tunavyosema tofali bichi. Kitie maji usiku kucha, asubuhi utakuta tope. Kilichochomwa hakirudi tena kuwa udongo, hata ukikivunja.

Mwalimu mstaafu, Temeke
Marahaba, fundi. Hilo la tope mwekee mtoto kwenye kijitabu, ili alijaribu mwenyewe.