MJADALA: Kenji ni wizi wa kung fu ya Mchina, au Mchina mwenyewe alifundisha?

Wakuu heshima kwenu. Juzi kwenye grupu letu la wapenda manga, yaani vitabu vya katuni vya Kijapani, kuliwaka moto, jamaa mmoja kasema ile manga ya Kenji itolewe kwenye orodha ya manga bora za mapigano, hoja yake ni kwamba Wajapani wamechukua mali ya Wachina wakaifanya biashara, tena stori wakaipitishia kwa babu wa Kijapani aliyekuwa China enzi Japani inaivamia. Wengi wakamuunga mkono. Mimi nikaona nishushe kirefu hapa maana kule ukiandika zaidi ya mistari miwili unaambiwa fupisha.

Kwa ambao hawajaisoma: ilitoka jarida la Shonen Sunday 1988 mpaka 1992, juzuu 21, mwandishi Matsuda Ryuchi na mchoraji Fujiwara Yoshihide. Dogo Kenji anafundishwa na babu yake bajiquan, kung fu ya kaskazini mwa China, halafu babu anaondoka kwenda China kumtafuta mtu aliyemsaidia wakati wa vita, kimyaaa, harudi. Dogo akishakua anamfuata, anapitia kwa Wachina wa Yokohama, Taiwan, Hong Kong, ndo anaingia China bara.

Sasa hili neno wizi mimi linanishinda. Matsuda hakuwa mtu wa kukaa ofisini anabuni mateke, alikuwa mtafiti wa hizi sanaa, kaenda Taiwan kajifunza bajiquan kwenye mstari wa walimu na wanafunzi wa Liu Yunqiao. Huyo Liu ni mwanafunzi wa Li Shuwen wa Cangzhou, yule mzee wa mkuki anayesemwa alikuwa hahitaji pigo la pili, na alikuwa afisa wa jeshi la Kuomintang, chama kilichotawala China wakati huo, jeshi lililopigana na Wajapani 1937 mpaka 1945!! Yaani watu waliokuwa na kila sababu ya kumfungia mlango Mjapani ndo waliofungua, halafu wewe na bando lako la usiku unawasemea kwamba wameibiwa? Kama mwenye mali kakupa kwa mkono wake huo ni wizi gani.

Na mwenye mali mwenyewe ni nani, maana tunasema Wachina Wachina. Bajiquan kwao ni Mengcun, huko huko Cangzhou mkoa wa Hebei, na waliolea ni Wahui, Waislamu wa China. Watu wa pwani mliokuwa hamjui hilo karibuni. Ilikaa kwenye familia zao, ikatoka kwa majirani, ikafika Taiwan na waliokimbia 1949 Wakomunisti walipochukua China bara, ikaenda Japani, mwaka 1993 ikaingia kwenye gemu la Virtua Fighter kupitia mpiganaji wake Akira. Karate yenyewe mnayoipenda ina mizizi Fujian, mkoa wa China, kupitia kisiwa cha Okinawa, mbona hiyo hamuifutii orodha.

Kingine kinachonifanya niitetee ni jinsi inavyoonyesha kujifunza. Hakuna dogo anapigwa, anakasirika, nywele zinasimama, anashinda. Ni kukaa mkao wa farasi, miguu imepanuliwa magoti yamekunjwa, mpaka mapaja yanatetemeka, na kurudia kitu kimoja. Angalia ile michoro ya kiwiko: mguu unatua kwa kishindo, nyonga inazama, kiwiko kinafika muda ule ule mguu unapogusa chini, kikitangulia kidogo tu nguvu yote inabaki mabegani na hapo umempapasa mtu. Fujiwara anachora mpaka unyayo umegeukia wapi. Sisemi ukisoma utajua kupigana, wale wanaojirekodi wanapiga miguu sebuleni bila mwalimu wataumiza magoti na majirani watalalamika, ila utaelewa kwa nini mwalimu anakuchosha na kitu kimoja.

Ila kwenye vita jamaa wa grupu ana pointi na sitaki nimzibe mdomo. Hebei ilikaliwa na jeshi la Japani, watu waliumia vibaya sana, na hii stori imechagua ukarimu wa Mchina mmoja kwa Mjapani mmoja ikajenga juu yake. Babu ni mtu mwema, anadaiwa shukrani, anakwenda kulipa. Sawa, watu wa hivyo walikuwepo, lakini deni la babu kwenye stori ni la shukrani tu, lile lingine, la waliyofanyiwa Wachina vitani, halipewi uzito unaolingana. Ilikuwa jarida la watoto wa kiume, naelewa, ila juzuu 21 nafasi ilikuwepo. Hapo naikata maksi bila huruma.

Kwa hiyo msimamo wangu: ishtakiwe kwa kulainisha vita, siyo kwa wizi. Wanaosema wizi nijibuni hili moja, Matsuda alitakiwa afanye nini tofauti, ajifunze halafu anyamaze? Na kama kuna mtu humu kafunzwa bajiquan kweli, siyo ya YouTube, aje aseme ile michoro ya miguu iko sawa au tumepigwa.