Wosia wa huku na shamba la nyumbani

Kutoka: Binti wa Reading

Habari za jioni wanajumuiya. Naomba msaada kabla sijatia sahihi kitu nisichokielewa. Tumenunua nyumba huku Uingereza, na kuna kampuni ya mtandaoni inayoandika wosia kwa bei ya kununulia viatu. Nyumbani mume wangu ana ploti Kitengela na ekari tatu karibu na Bungoma. Wakili wa Nairobi alimwandikia wosia mwaka 2014, nasi tukafunga ndoa 2016. Karatasi ipo, mama mkwe anaitunza. Je, wosia mpya wa huku utabeba kila kitu, au ule wa Nairobi uendelee na kazi yake?

Kutoka: Mama Watatu, Leicester

Binti, weka kalamu chini kwanza nikueleze lililotupata sisi.

Marehemu kaka yangu alikuwa mtu wa mipango. Wosia wake wa Kenya ulimpa mama yetu nyumba anayoishi na kipande cha shamba. Miaka kadhaa baadaye akajaza fomu ya wosia hapa Uingereza, akaita majirani wawili wakashuhudia, akaifungia kwenye droo. Alichokuwa nacho akilini ni nyumba ya hapa na akiba ya benki, basi. Lakini sentensi ya kwanza ya fomu ile, ambayo hakuna anayeisoma, ilisema: nafuta wosia zote nilizowahi kuandika. Haikusema zile za mali ya Uingereza. Zote. Nyumba ya mama ikaangukia kwenye kifungu cha mwisho, "mali yangu yote iliyobaki", na kifungu hicho kilikuwa cha wifi yangu. Wifi si mtu mbaya. Ila yeye alikuwa na wakili, na mama alikuwa na ukoo mzima wa kumjaza maneno. Tulikaa miaka miwili tukikutana kwenye matanga ya watu bila kusalimiana.

Kama unataka wosia mbili, kila mmoja utaje mali ya nchi gani unaihusu na useme waziwazi kwamba haufuti ule wa pili. Ukibadilisha mmoja, wakili wa upande wa pili apate nakala.

Karatasi moja inawezekana pia. Kenya inautambua wosia uliofuata sheria ya mahali ulipotiwa sahihi, na kifungu cha 77 cha Sheria ya Mirathi kinaruhusu probeti, yaani hati ya kuthibitisha wosia, iliyotolewa na mahakama ya nchi ya Jumuiya ya Madola igongwe muhuri Kenya na kufanya kazi kama imetolewa kule. Ubaya wake ni kwamba unasubiri ya huku itoke ndipo uanze safari ya kule. Na ardhi iliyoko Kenya inafuata sheria ya Kenya hata kama umezikwa Leicester. Mke au mtoto aliyeachwa nje ya wosia, hata mzazi aliyekuwa akitunzwa na marehemu, anaweza kwenda mahakamani kuomba fungu lake.

Na kabla hati haijatoka, mtu asiguse kitu. Binamu yetu alianza kukusanya kodi ya vyumba "kutusaidia". Kifungu cha 45 kinaiita hiyo kuingilia mali ya marehemu, na ni kosa la jinai. Hatukumshtaki. Tungemtisha angalau.

Kutoka: Mzee wa Coventry

Mama Watatu kasema vizuri, ila hakutazama tarehe. Wosia 2014, ndoa 2016. Kwa sheria ya Kenya, na ya England vilevile, ndoa inaufuta wosia uliotangulia, isipokuwa uwe uliandikwa kwa kutazamia ndoa na mtu aliyetajwa. Mama mkwe anatunza karatasi iliyokufa siku mlipovishana pete. Isomeni tena, na kama haina maneno hayo, muanze upya.

Mashahidi: kwa England wawe wawili, wote wawili wakiwepo kwa pamoja anapotia sahihi. Shahidi asiwe mrithi wala mume au mke wa mrithi. Akiwa hivyo, wosia utasimama, lakini mrithi huyo atakosa alichoachiwa. Namjua mtu aliyemwita kifungua mimba wake ashuhudie, eti kwa heshima.

Kodi ndiyo inayowashtua wengi, kwa sababu Kenya haitozi kodi ya mirathi. Tangu tarehe 6 Aprili 2025, Uingereza haiulizi tena asili yako ni wapi, inahesabu miaka. Ukiwa mkazi wa hapa kwa miaka 10 kati ya 20 iliyopita ya kodi, mali yako ya dunia nzima inaingia hesabuni, ploti ya Kitengela ikiwemo. Kiwango kisichotozwa ni pauni 325,000, hakijasogezwa tangu 2009, na ziada hutozwa asilimia 40. Kinachotoka kwa mume kwenda kwa mke mara nyingi hakitozwi.

Kuhusu kampuni yako: England mtu yeyote anaweza kufungua biashara ya kuandika wosia bila kuwa wakili. Uliza kama wanasimamiwa na Solicitors Regulation Authority, chombo kinachosimamia mawakili. Wakianza kuzungukazunguka, umepata jibu. Wa Scotland msinifuate, sheria yenu ni nyingine.

Kutoka: Jirani wa Luton

Kwa Waislamu wenzangu: Kenya mirathi yetu inaweza kwenda kwa Kadhi ikagawanywa kwa mafungu tuyajuayo. Huku hakuna atakayekugawia hivyo kama hujaandika. England ukifa bila wosia, ukiwa na mke na watoto, mke anachukua vitu vya nyumbani na pauni 322,000 za kwanza, kisha nusu ya kinachobaki. Na nikaha iliyofungwa huku msikitini tu, bila kusajiliwa, haimpi mke hata hizo.

Kutoka: Binti wa Reading

Asanteni sana. Mzee, shikamoo, hiyo ya tarehe imenitoa jasho. Swali la mwisho: watoto wana pasi za Uingereza tu. Ekari za Bungoma watazirithi?

Kutoka: Mzee wa Coventry

Marahaba. Kwa Katiba ya 2010 asiye raia hashiki ardhi ila kwa lizi, yaani kwa kukodi, isiyozidi miaka 99. Lakini mtoto wa Mkenya ni raia kwa kuzaliwa hata akizaliwa Reading, kinachokosekana ni karatasi zake. Mimi ningeanza na baba yao. Alichukua uraia wa huku lini? Kama ni kabla ya Agosti 2010, aliupoteza wa Kenya, na haurudi mpaka auombe.

Kutoka: Binti wa Reading

Nimemuuliza. Anasema 2009, na hajawahi kuomba. Kampuni ya wosia nimeiambia isubiri.