Wametuita kutoa maoni, kumbe ramani ishachapishwa! (Pemba)

Assalaam alaykum wanajamvi.

Mwenye roho nyepesi apite, maana leo naandika na dukuduku langu lote. Mji ninaousema ni mmoja wa miji midogo ya huku Pemba. Jina lake silitaji, wala ofisi iliyotuita siitaji, kwa sababu huku tunajuana mpaka kwa kikohozi, na sheha wangu (kiongozi wa serikali hapa mtaani) anasoma humu. Wenye kuujua wataujua wenyewe.

Tumeitwa skuli kutoa maoni juu ya mpango wa mji wetu wa miaka ishirini ijayo. Vizuri. Mji umekua, hilo halina ubishi. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 406,848 Pemba nzima, ya 2022 ikahesabu 543,441. Nyumba zimeota hadi kwenye vichaka tulivyokuwa tukiogopa kuvipita wakati wa magharibi. Watu wanajenga bila ya kuachiana njia, kuna mtaa jeneza linapitishwa ukumbini kwa jirani ndipo lifike barabarani. Mpango unatakiwa, tena umechelewa. Kwa hiyo asije mtu hapa akaniambia napinga maendeleo.

Tumeingia darasani, ukutani imebandikwa ramani kubwa ya rangi, imepigwa plastiki kabisa. Kona ya chini kulia kuna tarehe ya miezi mingi kabla ya siku ile ya mkutano, na chini ya tarehe imeandikwa kwamba hilo ndilo toleo la mwisho. Sasa nyie watu wa Mungu, ikiwa la mwisho lishatoka na lishapigwa plastiki, maoni yangu mimi mtayaandika wapi? Mgongoni mwake?

Kijana aliyeletwa na kampuni ya ushauri kutueleza alikuwa mpole, yeye simlaumu sana, katumwa. Ana fimbo yake ya kuonyeshea, anataja rangi: njano makaazi, nyekundu biashara, kijani mapumziko. Bibi mmoja wa mtaani kwangu akanyanyuka, akajifunga kanga vizuri, akamsogelea.

"Mwanangu, hebu nionyeshe nyumba yangu iko wapi hapo."

"Bibi, hapa ni eneo la matumizi mchanganyiko."

"Sikukuuliza matumizi, baba. Nimekuuliza nyumba."

Kijana akaitazama ramani, akamtazama sheha, sheha akatazama saa. Mpaka tunatoka nyumba ya bibi haijaonekana, na yeye amekaa pale tangu kuolewa kwake.

Tuje kwenye bonde sasa, maana hapa ndipo nilipopandwa na mori hasa. Chini ya mji wetu kuna bonde la mpunga. Ikifika Masika, maji ya vilima vya pande zote yanateremka humo, yanatuama siku kadhaa, halafu yanajikokota polepole hadi kwenye mikoko na baharini. Kila mtoto wa hapa anajua, maana ndimo tulimojifunzia kuogelea na kupigwa bakora kwa kuogelea. Kwenye ramani bonde lile limepakwa nyekundu: kituo cha gari na soko jipya.

Mzee mmoja mkulima akauliza maji yatakwenda wapi. Akajibiwa, "Mzee wangu, kuna mtaro." Kweli mtaro upo, nimeuona kwa macho yangu: mstari mwembamba wa buluu unaoteremka kutoka kilimani na kupita katikati ya jengo la madrasa. Jengo lipo, lina bati na watoto ndani, lakini juu ya ramani halipo. Na msiniambie picha zilikosekana. Tangu 2016 Unguja na Pemba zilianza kupigwa picha kwa droni, vijana wa SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, wakiwemo katika kazi hiyo, picha ambazo unaona paa moja moja. Ila droni inapita siku ya jua, haikai hapa mwezi wa nne ikaona maji yanaingia mlango gani. Hilo analijua anayeishi pale, na ndiyo maana ya kumwita mkutanoni. Mkimwita muacheni aseme basi!

Tena bonde lenyewe si la kuchezea. Kuna mabonde mengi ya pwani huku Pemba maji ya chumvi yashaingia, mpunga hauoti tena, wakulima wamerudi nyuma na kubanana juu. Hili la kwetu ni katika yaliyobaki na maji matamu. Mtu akiniambia soko ni muhimu kuliko mchele namsikiliza, huenda ana hoja. Lakini mnikalishe chini mnieleze, nami nieleze, tubishane kama watu. Sheria ya mazingira tunayo, Namba 3 ya 2015. Kuhusu tathmini ya mazingira ya bonde hili hapakutoka hata neno moja. Wala fidia. Zanzibar tunajua mtu anaweza kumiliki mkarafuu au mnazi uliosimama kwenye ardhi isiyo yake, na mti ukikatwa kwa mradi anayeumiliki anakuja kuuhesabu. Bondeni hakuna mti. Mama aliyelima jaa lake, yaani kipande chake cha mpunga, pale miaka yote atahesabu nini? Niliuliza. Nikaambiwa swali zuri, litachukuliwa. Limechukuliwa mpaka leo.

Na hapo kwenye kijani napo pana kichekesho. Pale panapoitwa "bustani ya mapumziko" ndipo kiwanja chetu cha kuanikia karafuu. Mpumzikaji gani? Msimu ukiingia pale hapalali mtu, majamvi yametandikwa ukuta kwa ukuta, wanawake na watoto wanachambua makonyo (vikonyo vya karafuu) mpaka usiku, likitanda wingu kila mtu mbio. Serikali yenyewe kila msimu inatuhubiria tusianike karafuu juu ya lami, zinaharibika ubora, na kweli zinaharibika. Mnunuzi wa karafuu ni mmoja tu, shirika la serikali, akikukatalia huna pengine pa kuzipeleka. Sasa lami mmetukataza, kiwanja mnatutilia mabenchi na maua. Tuanike juu ya mabati?

Kuna jambo jengine ambalo mtu asiyekaa pwani hawezi kulielewa bila ya kuelezwa, kwa hiyo naeleza. Mkutano ulipangwa saa nne asubuhi siku ya bamvua. Bamvua, yaani siku bahari inapojaa sana na kukupwa sana, huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, na huku kwetu siku hizo maji makavu kabisa ni kwenye hiyohiyo saa nne, saa tano asubuhi. Wanawake wa mwani, ambao ndio wengi katika kilimo hicho, wanasubiri siku hizo waingie kufunga na kuvuna. Maji yakijaa kazi imekwisha. Wachokoaji wa pweza na chaza vilevile. Kwa hiyo nusu ya mji, tena nusu inayolisha nyumba, ilikuwa baharini maji ya magoti wakati sisi tunaonyeshwa rangi. Kisha ripoti inaandika kwamba "mwitikio wa wanawake ulikuwa mdogo". Mdogo! Kalenda ya mwezi ipo ukutani kila msikiti, mngeuliza hata mtoto wa madrasa.

Barua za mwaliko nazo ziligaiwa na sheha. Sheha huku hachaguliwi na sisi, anateuliwa na Mkuu wa Mkoa, hilo ndilo lilivyo kisheria na sina ugomvi nalo leo. Ila barua zilijua njia. Nyumba fulani zilifika mbili, mtaa wa wavuvi haikufika hata moja.

Sasa kaeni vizuri msikie la saini.

Mwisho wa mkutano tulipewa soda, sambusa na elfu kumi ya nauli, na kila mmoja akatia saini kwenye karatasi kwamba kapokea. Mimi nimetia, sikatai, nauli nilitoa mfukoni. Wiki zikapita. Rafiki yangu mmoja mwenye jamaa ofisini akanipatia ripoti. Nikafungua kiambatisho cha nyuma: majina yetu, saini zetu zilezile, na juu yake kichwa cha habari kipya kinachosema hii ni orodha ya wananchi walioafiki mpango. Karatasi ya nauli imegeuka karatasi ya ridhaa! Na jina la nne ni la yule mzee wa maji, aliyepinga mpaka sauti ikamkauka. Kaafiki. Na bibi aliyekosa nyumba yake kwenye ramani naye kaafiki, dole gumba lake lile pale, la wino wa buluu.

Wallahi nimesoma ukurasa ule nikasikia damu inapanda kichwani. Unaweza kunyang'anya bonde la mtu, tumeyazoea. Lakini kulitumia dole gumba la bibi wa watu kusema kwamba kakupa mwenyewe?

Wapo watakaoniambia "Zanzibar mipango yote ndivyo ilivyokuja, kwani hii ya kwanza?" Najua. Mji wa Unguja ulipangwa na Muingereza 1923, ukapangwa tena na Waingereza 1958, wakaja Wajerumani Mashariki 1968, wakaja Wachina 1982. Kila mmoja na ramani yake. Wazee wa Ng'ambo, mitaa ya mji huohuo nje ya Mji Mkongwe, waliovunjiwa nyumba kupisha majumba ya ghorofa ya Michenzani sijamsikia hata mmoja anayesema alikaa kitako akaulizwa. Lakini ofisi za zama zile hazikutuita skuli zikatupa sambusa wala hazikuandika kwamba tumeafiki. Walipanga, wakajenga, mtu akajua kapangiwa. Hawa wa leo wanapanga vilevile halafu wanatafuta shahidi, na shahidi ni mimi!

Na zama zenyewe zimebadilika. Katiba ya Zanzibar ya 1984, kifungu cha 21, inampa kila Mzanzibari haki ya kushiriki kikamilifu katika kufikia maamuzi yanayomgusa yeye na maisha yake. Kushiriki kufikia maamuzi, sio kutangaziwa. Hiyo haikuandikwa na mimi wala na mtandao wa wanaharakati, ni katiba waliyoiapia wao.

Nataka nini? Mkutano urudiwe, mchana wa maji kujaa, baada ya alasiri, mtaa kwa mtaa, na wanawake wa mwani wafuatwe pwani kwao kama hawaji. Ramani ije ya karatasi tupu, yenye misikiti, madrasa, visima na njia za maji tulizozitaja sisi, na kalamu za risasi mezani. Nyumba ya bibi itafutwe mpaka ionekane. Ile orodha ifutwe kwenye ripoti, na iandikwe wazi kwamba zile zilikuwa saini za nauli. Soko nalitaka na mimi, kuna kiwanja cha serikali juu ya kilima kimekaa majani miaka yote, mbona hakikupakwa nyekundu? (Nasikia kina mwenyewe. Nasikia tu, kwa hiyo naishia hapo.)

NYONGEZA: Naona mmoja kachangia chini kwamba tungesema palepale badala ya kuja kulalamika mtandaoni. Bwana, tumesema palepale! Mzee kasema, bibi kasema, mimi nimesema, mwalimu mmoja kaandika kurasa mbili kwa mkono na kuzikabidhi. Katika ripoti nzima maoni yetu yote yamekaa mstari mmoja: "wananchi walitoa maoni mbalimbali". Mwengine kauliza kama nina hiyo ripoti. Ninayo, ila siiweki hapa kwa sababu ina majina na saini za watu.

Ninachoomba kwenu ni msaada wa kweli, sio pole. Mwanasheria yeyote humu, hasa mzoefu wa mambo ya ardhi ya Zanzibar: pingamizi la mpango kama huu linapelekwa wapi, kwa muda gani, na je, watu kumi wakiapa kiapo kwamba saini zao zilikuwa za nauli, kina uzito? Mzee wa maji na mwalimu wako tayari kesho. Bibi kasema naye yuko tayari, ila safari hii anataka asomewe karatasi yote kwanza kabla ya kutia dole.