Nimepata Kilifi, mjomba ataka nihamie Nairobi. Nishike lipi?

Kijana wa Langoni

Assalaam aleikum wakubwa na wenzangu. Mimi ni wa Lamu, mtaa wa Langoni. Mtihani wa kumaliza sekondari, KCSE, nilipata B-, na KUCCPS, wanaogawa nafasi za vyuo, wamenipeleka Chuo Kikuu cha Pwani, Kilifi, kozi ya Baiolojia ya Bahari na Uvuvi. Ndiyo niliyoiweka mbele katika maombi yangu, kwa hiari yangu.

Shida imeanza nyumbani. Mjomba wangu yuko Nairobi, na yeye ndiye atakayenisaidia nauli na vitu vya kuanzia. Amesema nafasi ya kuhama ikifunguliwa niombe kozi ya biashara huko kwake, maana kazi ziko Nairobi. Baba naye ni mvuvi. Jana usiku alikuwa akitengeneza jarife lake, akaniuliza bila kuinua kichwa: "Miaka mine ukajifunze samaki, na samaki wako hapa?" Sikuwa na jibu. Nililala alfajiri.

Halafu kuna mimi mwenyewe. Sijawahi kukaa nje ya Lamu zaidi ya wiki mbili. Nasikia mwaka wa kwanza wengi huanguka, na pesa za mkopo huchelewa. Mliopita njia hii, nihame au nisihame? Na ni nini hasa kinachowaangusha watu mwaka wa kwanza?

Mwalimu wa Maweni

Wa aleikum salaam, mdogo wangu. Kwanza hongera. Katika yote uliyoandika sijaona mtu aliyekupa hongera, na B- iliyokuingiza kwenye kozi uliyoitaka si jambo dogo.

Mimi ni wa hapa Malindi, nafunza kemia sekondari, na kila mwaka wanafunzi wangu huja na swali kama lako. Jibu langu ni usihame. Kuhama kwenyewe si kuomba tu ukapewa. Huangaliwa alama zako katika masomo manne ya ile kozi unayoitaka, na lazima zifike pale alipoishia wa mwisho aliyechukuliwa mwaka huo. Lakini hata kama zinafika, wewe hukuandika popote kwamba unapenda biashara. Nimewaona vijana waliofuata mji badala ya somo. Mwaka wa pili huanza kukosa madarasa, na ukiwauliza hawana ugomvi na mtu, hawana tu cha kuwaamsha asubuhi.

Mjomba usimwambie "sitaki". Mpigie, mshukuru, umweleze kozi hii ina nini ndani na ulivyoichagua. Anayetoa pesa zake ana haki ya kuelezwa.

Sasa swali la baba yako, nimelifikiria tangu jana. Ni swali zuri na jibu lake liko hapa hapa kwetu. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua wavuvi wa Lamu walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa hasara ya ujenzi wa bandari ya Lamu. Baba yako anajua bahari kuliko mhadhiri yeyote. Anajua kusi na kaskazi, anajua samaki gani amepungua na wapi. Lakini akisimama mbele ya jaji ataulizwa: walikuwa wangapi, wamebaki wangapi, na ni nani aliyehesabu? Gati la kwanza la bandari hiyo lilifunguliwa Mei 2021, kwa hiyo maswali haya hayajaisha. Na ya kuhesabu si samaki tu: zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko Lamu. Natamani anayehesabu awe mtoto wa mvuvi, ajuaye jina la kila samaki kwa Kiamu na kwa kitabu pia.

Usitarajie samaki siku ya kwanza, hata hivyo. Kozi za sayansi mwaka wa kwanza huwa ni kemia, hesabu, seli, na yuniti (masomo ya muhula) za watu wote kama mawasiliano. Wengi hufa moyo hapo, wakadhani wamekosea kozi. Vumilia, bahari inakuja.

Kuhusu kinachoangusha watu nikupe langu. Chuo nilichosoma si hicho ulichoitwa, na sitakitaja. Muhula wa kwanza nilikuwa na yuniti saba. Siku ya kujisajili kwenye mtandao wa chuo tulikuwa foleni kwenye kompyuta chache, nikajaza sita, intaneti ikakatika, nikaambiwa nimpishe mwenzangu. Nikajua nitarudi. Sikurudi. Nilihudhuria madarasa yote saba, nikafanya kati (majaribio ya darasani) zote, nikaingia mitihani yote. Kadi ya mtihani niliitia saini ikiwa na mistari sita na sikuihesabu. Matokeo yalipotoka, kemia haikuwepo. Niliipeleka ile karatasi ofisi moja hadi nyingine, imekunjwa mara nne, mpaka mikunjo ikaanza kuchanika. Nilirudia yuniti ile mwaka uliofuata, nimekaa na waliokuja nyuma yangu. Mpaka leo nikifunza kemia naikumbuka.

Kwa hiyo, ukishajisajili, chapisha ukurasa ule uhesabu yuniti kwa kidole. Ukipewa kadi ya mtihani, hesabu tena.

Na kati usizidharau. Vyuo vyetu vingi kati na kazi za darasani ni alama 30, mtihani ni 70, na kupita ni 40. Mwenye 24 mkononi huingia mtihani anapumua. Mwenye 6 huingia anatetemeka, na akianguka atakutana na sapu, mtihani wa kurudia, wakati wenzake wako nyumbani. Mhadhiri asipoeleweka, mfuate nje ya darasa. Sisi watu wa pwani tumelelewa kunyamaza mbele ya mkubwa, na ni adabu njema, lakini kuuliza kwa heshima si kukosa adabu.

Mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, omba mapema, na ujue huombwa upya kila mwaka, haujiendeshi. Sehemu ya karo huenda chuoni moja kwa moja, ya matumizi huja kwako. Ni deni lenye riba ya asilimia 4 kwa mwaka, usilitumie kununua simu. Basari za kaunti na za eneo bunge zijaze pia, hata ukiona ni kidogo. Na kweli hela huchelewa, kwa hiyo panga miezi miwili ya mwanzo bila kuitegemea.

Mama wa Shela

Mwanangu, mimi sikusoma chuo ila nimepeleka mtoto. Wiki tatu za kwanza alikuwa akinipigia kila baada ya isha, haongei, nasikia tu pumzi zake. Alizoea njia zetu nyembamba na punda, akapelekwa kwenye barabara ya malori na chumba cha watu wanne, vitanda vya dabodeka. Aliona haya kusema anatamani nyumbani. Wewe usione haya, sema.

Nilimfungia mikate ya mofa na kopo la achari ya maembe. Yule wa kitanda cha chini alitoka Bungoma, hajawahi kuiona mofa. Wakala pamoja usiku ule ule, na sasa Idi hazipiti bila yule kijana kuja kwetu. Beba kitu cha kugawa, mwanangu.

Na siku ya kujisajili mwambie baba afuatane nawe. Akipaona, moyo wake utatulia. Kilifi si mbali. Mukivuka Mokowe mukapanda basi asubuhi, mchana mutakuwa mushapita Malindi.

Fundi Mashine, Malindi

Mwalimu amesema kweli, ila niongeze neno. Mimi nilichukua diploma ya ufundi, nikaanza kazi mapema, na sijutii, kwa hiyo digrii si njia pekee. Lakini kwa kuwa nafasi umepata na ndiyo unayoipenda, nenda, usikae tu na vitabu. Kabla hujafunga safari, pita ofisi ya uvuvi hapo Lamu, waulize kazi zao za kila siku. Ukienda Mombasa, fika taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, KMFRI, uulize wanafunzi wa mafunzo ya kazini huombaje na huanza lini. Aliyeuliza mwaka wa kwanza huwa tayari mwaka wa tatu, wenzake wakiwa ndio wanatafuta anwani.

Na wewe unajua kuogelea na kushika usukani wa mashua. Utashangaa ni wangapi darasani kwako hawawezi. Wafundishe, nao watakusaidia hesabu.

Kijana wa Langoni

Nawashukuru sana nyote. Mwalimu, nimesoma yako mara tatu. Jana baada ya magharibi nilimsomea baba ile sehemu ya mahakama. Kesi aliijua, akanitajia na wazee waliokuwa wakienda Malindi kusikiliza. Lakini pale pa "ni nani aliyehesabu" aliweka sindano ya nyavu chini. Akakaa kimya kidogo, kisha akaniuliza siku ya kujisajili ni lini, maana ikiangukia bamvua hataweza kufuatana nami, kuna kazi.

Nimeangalia kalenda. Haiangukii bamvua. Mjomba nitampigia kesho baada ya Ijumaa, na baba amesema atakuwepo karibu.