Mama ana kisukari na miguu imeisha nyama, apumzike au afanye mazoezi?

kijana_wa_Muheza:
Habari za leo wakuu, naomba msaada wa wenye uelewa. Mama yangu ana miaka 67, kisukari anacho muda mrefu, anameza metformin na glibenclamide. Mwaka huu alilazwa kwa nimonia na toka ametoka hospitali mapaja yamepungua sana, akitaka kuinuka kwenye kochi mpaka ashike meza. Cha ajabu kitambi kipo palepale na kwenye mzani kilo ni karibu zilezile. Ndugu wanasema mwacheni mtu mzima apumzike, kwa hiyo kila kitu anafanyiwa, hata maji ya kuoga anapelekewa bafuni. Asubuhi chai ya rangi na chapati, mchana ugali mchicha, usiku wali na maharage kidogo. Sukari nayo imepanda na dawa hajaacha hata siku moja. Hivi vitu vinahusiana? Na mazoezi umri huo si tutamuumiza?

fundi_viungo:
Pole mkuu na mpe pole mama. Vinahusiana tena sana. Sukari inayopanda baada ya kula, sehemu kubwa inatakiwa iingie kwenye misuli, na insulini ndo inaifungulia mlango. Misuli ikipungua sukari haina pa kwenda inabaki kwenye damu, hata dawa ziwe zilezile. Ila msuli ukifanya kazi unavuta sukari wenyewe bila kusubiri insulini, na ukishamaliza zoezi unabaki unaisikia insulini vizuri zaidi kwa siku nzima, wakati mwingine mbili.

Kilichommaliza ni kitanda pamoja na nimonia. Mwaka 2007 ulitoka utafiti wa Marekani, waliwalaza wazee wazima wasioumwa kitu siku 10 tu na wakapoteza karibu kilo 1 ya nyama za miguu. Sasa mama alikuwa na maambukizi juu yake, na mwili ukiwa unapigana na ugonjwa inflamesheni, yaani ile hali ya kinga ya mwili kuwaka, inapanda, kinga inamwaga kemikali ambazo zinafanya misuli ivunjwe protini yake itumike kwingine. Nimonia imepona lakini mafuta ya tumboni nayo yanatoa kemikali za aina hiyohiyo, kidogo kidogo kila siku. Ndo mana mzani unakudanganya, nyama imeondoka mafuta yamebaki.

Fanya hivi, chukua kiti cha kulia chakula kisichobonyea, kiegemeze ukutani, mama akunje mikono kifuani ainuke na kukaa mara 5, pima na simu. Ikizidi sekunde 15 nguvu zimeshuka kweli. Akishindwa kabisa muongezee mto wa kukalia ili kiti kiwe juu, na ashike meza, aanzie hapo. Ainuke mara 8 hadi 10, apumzike, arudie, siku 3 kwa wiki. Wakati wa kukaa asijidondoshe, ashuke taratibu mpaka paja lisikie, manake kule kushuka nako ni zoezi. Ikiwa rahisi ashike chupa ya maji ya lita moja na nusu kila mkono. Kuhusu umri, Boston mwaka 1990 waliwabebesha uzito mzito wazee 10 wa nyumba ya wazee, umri wao kama miaka 90, ndani ya wiki 8 nguvu za mapaja zikapanda kwa wastani wa asilimia 174. Na hayo maji ya kuoga acheni abebe mwenyewe, hata nusu ndoo.

Bi_Mtindi:
Mimi naongezea kwenye sahani maana hapo ndo naona shida kubwa. Chai ya rangi na chapati haina cha kujenga msuli, na mazoezi bila protini mtamchosha bure mama wa watu. Msuli wa mtu mzima ni mgumu kuitikia, unataka protini ya kutosha kwa mlo mmoja, gramu 25 hivi na kuendelea, sio kijiko cha maharage usiku. Kwa siku ni gramu 1 mpaka 1.2 kwa kila kilo ya mwili, yaani mwenye kilo 70 ni kama 70 hadi 84. Yai moja lina gramu 6, maharage yaliyoiva kikombe kizima kama 15, na dagaa wakavu ndo usiwadharau kabisa, gramu 30 tu zinakupa karibu 15. Asubuhi mpe mayai mawili na mtindi usio na sukari, chapati ipungue, mchana kwenye ule mchicha tia dagaa au karanga. Poda za makopo hazihitaji. Ila kabla ya yote apimwe figo, kisukari cha muda mrefu kinaziharibu kimyakimya na figo zikiwa zimechoka kiasi cha protini anapanga daktari.

Mzee_Kobe:
Kama shida ni inflamesheni si ameze diclofenac ishuke kwanza ndo aanze mazoezi?

fundi_viungo:
Hapana mzee wangu, hizo za maumivu kwa mwenye kisukari zinaweza kumaliza figo. Na zoezi lenyewe ndo linatuliza. Profesa Bente Klarlund Pedersen wa Copenhagen na wenzake walionyesha kwamba msuli unaofanya kazi unamwaga kemikali inaitwa interleukini-6 kwenye damu, na ikitoka kwenye msuli inaamsha kemikali nyingine zinazopoza inflamesheni. Kwa hiyo asisubiri.

kijana_wa_Muheza:
Asanteni sana aisee. Afanye saa ngapi, asubuhi kabla ya chai?

fundi_viungo:
Tumbo tupu hapana kabisa! Glibenclamide inashusha sukari hata kama hajala, ukichanganya na zoezi anaweza kuanguka. Afanye saa moja au mbili baada ya kula, pima sukari kabla. Akitetemeka, akitoka jasho la baridi au akiongea ovyo, mpe vijiko vitatu vinne vya chai vya sukari kwenye maji, pima tena baada ya dakika 15. Na kliniki waambieni ameanza mazoezi, dozi inaweza kuhitaji kupunguzwa.